Uso wa mwamuzi nao wahitaji kinga

Mwamuzi ni mtu ambaye watazamaji humkumbuka anapokosea tu. Akitoa uamuzi wa haki, hapana ampigiaye makofi. Akiteleza mara moja, uwanja mzima humgeukia kwa matusi. Kwa kuwa twamtazama kwa jicho hilo, si ajabu kwamba swali la usalama wake huchelewa kuulizwa. Katika mchezo wa softiboli swali hilo limejadiliwa kwa miaka mingi, hasa nchini Marekani ambako mchezo huo umeshamiri: je, mwamuzi alazimishwe kuvaa kinga ya uso, au aachiwe aamue mwenyewe?

Yamkini msomaji atauliza sisi Wakenya, ambao watoto wetu huujua mpira wa miguu kabla ya kuijua alifu, tunahusika vipi na jambo hili. Twahusika kwa sababu mbili. Kwanza, zipo shule na vyuo nchini ambako softiboli huchezwa, na huko mwamuzi aghalabu si mtaalamu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo bali ni mwalimu aliyetoka darasani na chaki ingali vidoleni. Pili, swali lenyewe ni pana kuliko mchezo. Ni swali la nani anapaswa kumlinda mtu aliyetumwa kusimama mahali pa hatari kwa manufaa ya wengine.

Tuanze na jina la mchezo, kwa maana jina hili limewapotosha wengi. Neno hilo kwa Kiingereza lina maana ya mpira laini, na hapo mwanzo lilikuwa kweli. Mchezo ulizaliwa Chicago mnamo Novemba 1887, ndani ya jumba la klabu ya wapiga makasia iitwayo Farragut. Vijana waliokuwa wamekusanyika humo kusubiri matokeo ya mechi ya vyuo vya Harvard na Yale walianza kurushiana glavu kuukuu ya ndondi na kuipiga kwa mpini wa ufagio. Mwandishi wa habari aitwaye George Hancock akaifunga glavu hiyo kwa kamba ikawa mpira, na mchezo ukapata sheria zake. Glavu ya ndondi haivunji taya la mtu.

Lakini mpira utumiwao leo si glavu. Mpira wa kawaida wa mashindano una mzingo wa sentimita 30 hivi na uzito wa kati ya gramu 178 na 198. Ule wa besiboli, ambao kila mtu hukiri kuwa ni mgumu na wa hatari, hauzidi gramu 149. Kwa hivyo mpira uitwao laini ni mkubwa zaidi na mzito zaidi. Zaidi ya hayo, mrushaji wa softiboli ya wanawake husimama mita 13.11 kutoka kwa mpigaji, ilhali mwenzake wa besiboli husimama mita 18.44. Mnamo 2012 Mmarekani Monica Abbott alirusha mpira kwa kasi ya takriban kilomita 124 kwa saa. Hata tukimchukua mrushaji wa kasi ya kilomita 100 tu, mpira wake hufika kwa mpigaji katika muda usiotimia nusu sekunde.

Sasa tumtazame mwamuzi wa nyumbani, yaani yule asimamaye nyuma ya mdakaji ili aamue kama mpira umepita mahali pake. Mdakaji huchutama mbele yake, amevaa kofia ngumu, kinga ya uso, ya kifua na ya miguu. Mkononi ana glavu kubwa. Tena yeye ndiye aliyempa mrushaji ishara, hivyo aujua mpira unaokuja ni wa namna gani. Mwamuzi hana hata moja kati ya hayo mawili ya mwisho. Hana glavu ya kuzuia, wala hajui kilichopangwa baina ya mrushaji na mdakaji. Kichwa chake kiko juu ya kichwa cha mdakaji, pengine kimeegemea upande wa mpigaji ili aone vyema. Wajibu wake wamtaka atulie tuli na kufumbua macho mpaka mpira upite. Mpira ukigusa ukingo wa gongo na kugeuza njia, hana wakati wa kukwepa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia acheze bila kinga, umemwambia ategemee bahati.

Katika softiboli ya kurusha kwa kasi, hoja hii ilikwisha kukubaliwa zamani. Huko mwamuzi wa nyumbani kuvaa kinga ya uso pamoja na ya koo ni desturi isiyohitaji mjadala. Ubishi umebaki katika softiboli ya kurusha polepole, ambamo mpira huenda juu kama upinde na kumshukia mpigaji taratibu. Waamuzi wengi wa mchezo huo wameuendesha kwa miaka mingi nyuso wazi, na baadhi yao hujivunia jambo hilo. Husema kuwa mpira uendao mwendo wa kobe hauna haja ya ngao.

Hoja hiyo yasahau kwamba katika mchezo wa polepole, kilicho polepole ni mrusho peke yake. Gongo la mpigaji halina upole wowote. Magongo ya siku hizi, yaliyotengenezwa kwa madini mepesi na nyuzi za kaboni, yana nguvu kiasi kwamba chama cha softiboli cha Marekani kililazimika kuyawekea mpaka. Tangu 2004, gongo linaloweza kuutoa mpira kwa kasi inayozidi maili 98 kwa saa, yaani kilomita 158 hivi, limepigwa marufuku katika mashindano yake. Ni kweli kwamba mpira upigwao sawasawa huenda mbele, si nyuma. Hata hivyo, mpira ulioguswa na ukingo huruka popote, na gongo lenyewe huweza kuteleza mikononi mwa mpigaji aliyetokwa jasho. Mwamuzi aliyesimama hatua mbili tatu nyuma yake ndiye jirani wa kwanza wa ajali hiyo.

Wako wasemao kwamba kinga huziba macho. Hoja hii ina uzito kwa kuwa kazi ya mwamuzi ni kuona. Lakini tuichunguze. Vyuma vya kinga hukaa karibu sana na macho, na mvaaji akizoea huacha kuvitambua, kama avaaye miwani asivyouona ukingo wake. Mpira ukishapigwa, mwamuzi hufunzwa kuivua kinga kwa mkono wa kushoto, wa kulia ubaki huru kutoa ishara, kisha afuate mchezo uso wazi. Hivyo kinga humkaa usoni kwa muda ule wa hatari tu. Tena iko faida isiyotajwa sana. Mtu anayeogopa kupigwa hupepesa macho na kurudisha kichwa nyuma, na mtu aliyepepesa hajaona. Mwamuzi aliyekingwa hutulia, na mwamuzi aliyetulia hutenda haki. Kwa hiyo kinga ya uso ni msaada kwa wachezaji pia.

Wengine husema kuvaa kinga ni woga. Hao si wageni duniani. Katika miaka ya 1870, Fred Thayer wa chuo cha Harvard alipobuni kinga ya kwanza ya mdakaji wa besiboli, akiiga ile ya wachezao kwa panga nyembamba, mdakaji wake James Tyng alichekwa alipoivaa. Thayer alipata hataza yake mwaka 1878. Leo mdakaji atakayeingia uwanjani bila kinga ndiye atakayechekwa, kama hatazuiliwa na sheria kwanza. Historia ya vifaa vya usalama karibu yote ni hivyo: huanza kwa kicheko, na huishia kwa watu kushangaa jinsi walivyokaa bila kifaa hicho.

Haifai, hata hivyo, kuidai kinga mambo isiyoyaweza. Mnamo 1969 mwamuzi wa besiboli Cal Drummond alipigwa na mpira kwenye kinga yake ya uso mjini Baltimore, akaumia ubongo, na mwaka uliofuata akafariki alipokuwa katika mechi ya kujiandaa kurejea kazini. Mnamo 2008 mwamuzi Kerwin Danley alipigwa tayani na mpira uliompita mdakaji mjini Los Angeles, akatolewa uwanjani kwa machela ingawa alikuwa amevaa kinga. Mikasa hii hutajwa na wapinzani wa sheria kama ushahidi kuwa kinga ni bure. Mimi naiona kinyume. Ikiwa pigo laweza kumwangusha aliyekingwa, lingemfanya nini asiyekingwa? Mikasa hiyo yatudai kinga zilizo bora zaidi. Koo nalo lisisahauliwe. Ile kinga ining'iniayo chini ya kidevu ilibuniwa baada ya mdakaji Steve Yeager kuchomwa shingoni na kipande cha gongo lililovunjika mwaka 1976.

Vipi kuhusu mwamuzi wa vituoni, asimamaye mbali na mpigaji? Hapa nakiri kwamba jibu si jepesi. Huyo hukimbia, hugeuka, na hutazama pande nyingi kwa mara moja. Naye ana muda zaidi wa kuuona mpira unaokuja. Lakini umbali peke yake si ngome. Mnamo Julai 2007, kocha Mike Coolbaugh aliyesimama karibu na kituo cha kwanza katika mechi ya besiboli ya ligi ndogo huko Arkansas alipigwa shingoni na mpira, akafa. Msimu uliofuata makocha wa vituoni katika ligi kuu walitakiwa kuvaa kofia ngumu. Katika kriketi, mchezo ambao Kenya iliwahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, Hillel Oscar, aliyepata kuwa nahodha wa Israeli, aliuawa na mpira Novemba 2014 akiwa mwamuzi mjini Ashdod. Maoni yangu ni kuwa mwamuzi wa vituoni asilazimishwe, ila akitaka kujikinga asizuiwe wala asidhihakiwe. Mwamuzi wa nyumbani ndiye wa kulazimishwa, katika mchezo wa kasi na wa polepole vilevile.

Kwa nini alazimishwe, na si mtu mzima mwenye akili zake? Tujikumbushe yaliyotupata wenyewe. Februari 2004, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, aliposhurutisha matatu ziwe na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, kelele zilikuwa nyingi. Abiria walisema mikanda inawachafulia nguo, na wenye magari walisema wanafilisiwa. Ushauri ulikuwepo miaka mingi kabla ya hapo na haukumfunga mtu mkanda. Sheria ndiyo iliyomfunga. Na pale usimamizi ulipolegea, mikanda nayo ililegea. Hiari ni njema, lakini mahali penye kejeli, hiari huwa kuchagua baina ya usalama na heshima, na vijana wengi huchagua heshima.

Nakumbuka nilipokuwa mwalimu kijana, shule moja iliyotualika ilikuwa na kinga moja tu ya uso. Nayo, kwa haki kabisa, alipewa mdakaji, kwa kuwa ni mtoto wa watu. Mimi nikasimama nyuma yake kwa mechi mbili, uso wazi. Mpira mmoja ulipita kando ya sikio langu, nikausikia mvumo wake. Wanafunzi walicheka, nami nikacheka nao. Usiku ndipo nilipotetemeka. Sikumlaumu mtu, kwa sababu hapakuwa na kanuni iliyovunjwa, na hilo ndilo lililonisumbua.

Kwa hivyo kanuni itungwe, lakini itungwe kwa busara. Ikimwangukia mwamuzi peke yake, kwamba asiye na kinga asichezeshe, tutakuwa tumemtwisha mwalimu maskini gharama ya kazi asiyolipwa, au tutakuwa tumeua mchezo katika shule za mashambani. Mzigo uwe wa mwandaaji. Kama vile mechi haianzi bila mpira, isianze bila kinga mbili za uso, ya mdakaji na ya mwamuzi. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 tayari humtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliye hatarini vifaa vya kumkinga. Hatumwambii fundi wa kuchomelea vyuma ajinunulie miwani au apofuke. Mwalimu aliyetumwa uwanjani hana hadhi ndogo kuliko fundi huyo.

Softiboli itarejea katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2028, baada ya kukosekana Paris mwaka 2024. Bila shaka wanafunzi wataitazama, na baadhi yao watataka kuicheza. Watakapotoka na gongo na mpira, watamwita mwalimu awaamulie. Wakuu wa shule wangefanya vyema kulitafakari jambo hili kabla ya mwito huo kuja. Bei ya kinga moja hupata kuzungumzwa katika kikao cha kamati, lakini bei ya jicho la mwalimu haipatikani katika kitabu chochote cha hesabu.