Prague mnaijua. Machakos je?

Wasee, kuna hii video haiishi kuzunguka: mtu anatua Prague saa kumi na moja jioni, kufikia saa nne usiku ashamaliza mji wa kale wote kwa miguu. Anasimama chini ya ile saa ya mnara ya mwaka 1410, sisi tunamwaga mioyo kwenye komenti. Halafu mtoto wa Ekalakala anaandika, "Kwetu hakuna kitu cha kuona."

Hapo nakataa.

Machakos, makao makuu ya kaunti yetu, pia unaizunguka kwa jioni moja. Jina lenyewe limetoka kwa Masaku, mzee wa Kikamba aliyesifika kwa utabiri. Nairobi ikiwa bado kinamasi, Waingereza walikuwa wakiendesha mambo ya bara kutoka hapa. John Ainsworth alifika 1892, na akahamia Nairobi 1899 tu, kwa sababu reli ilipita mbali na Machakos. Ndiyo, hii tao unayoikimbia kutafuta matatu ilitangulia Nairobi.

Sasa inua macho uone vilima vya Iveti. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe za watu kwa nguvu, ikidai zinaharibu udongo. Maelfu ya Wakamba, akina mama na watoto wakiwemo, wakaandamana na Muindi Mbingu hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 60, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakidai mali yao. Mbingu akakamatwa, akapelekwa Lamu. Leo barabara yake pale Nairobi unaipita ukienda City Market, na hata humjui.

Utaniambia Machakos haina majumba ya mawe ya miaka 600. Sawa. Lakini zima sauti ya ile video ya Prague uone: yanabaki mawe na baridi. Kilichokushika ni yule msee anayesimulia. Sisi simu tunazo, mdomo tunao, na tumenyamaza.

Na muda unaisha. Aliyekuwa na miaka 5 wakati wa yale maandamano leo amepita 90. Huyo ni susu wa mtu, labda wako.

Mimi niliacha chuo, sikuacha kuuliza maswali. Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla hujanunua bando ya kutazama Ulaya, kaa na susu umuulize zile ng'ombe zilienda wapi. Rekodi. Halafu ushuke Machakos, utembee, utuonyeshe.