Kadi ya Grafiki ya Nini na Kazi Yako ni Excel?

Wasee, hii tabia ya kuuziwa kompyuta ya kazi na kadi ya grafiki juu imezidi. Buda, unapiga hesabu za duka, unaandika ripoti, umefungua tabo ishirini za Chrome. Kadi ni ya nini?

Ryzen 5 5600G ama Core i5-12400 ina grafiki ndani ya prosesa yenyewe. Chomeka skrini kwa motherboard, anza kazi. Hiyo i5 hata ina Quick Sync, so ukihariri video za TikTok haikucheleweshei kuzitoa. Halafu mtu anakuuzia GT 730 ya 2014 eti picha iwe safi! Safi gani, na grafiki ya 5600G inaiacha mbali?

Lakini chunga herufi ya mwisho, hapo ndipo watu huchomwa. i5-12400F haina grafiki. Ryzen 5 5600 bila G, pia haina. Unaona bei imeshuka, unashangilia, ukifika nyumbani skrini ni giza tupu. Sasa rudi ununue ile kadi ulikuwa unaikwepa.

Na grafiki ya ndani hukopa RAM ya kompyuta, kwa hivyo kijiti kimoja cha 8GB ni kujinyima. Weka viwili. Doo ya kadi iende hapo na kwa SSD.

Watu wa Blender na 3D, nunueni kadi, sibishani. Ila wewe unayemwambia mathe ni ya kazi na unataka kucheza FIFA, mwambie tu ukweli.