Meli Kubwa na Jiko Letu



Mara hii tunaomba nafasi mu karatasi yetu juu ya jambo moja linaloleta maneno mingi mu internati na mu madarasa: azabu ya jikoni. Lakini tutapitia njia ya mbali kidogo. Tutapita mu meli. Mwenye haraka avumilie, tutafika.

Wengi wetu tumesikia habari ya meli za matembezi ambazo watu wenye pesa wa Ulaya na Marekani wanapandaka wakati wa likizo. Hizi haziko meli za kubeba mizigo wala za kuvusha watu. Mutu anapanda, anakula, anaogelea, anacheza, anashuka kidogo mu visiwa viwili ao vitatu, kiisha anarudishwa palepale alipotoka. Moja ya meli hizo, Icon of the Seas, ilitengenezwa kule Turku, mu Finlandi, na ilianza kazi mu Januari 2024. Urefu wake unafika metre 365, gorofa zake ni 20, na inaweza kubeba wasafiri kupita 7 000. Watumishi wake peke yao wanapita 2 000. Basi haiko meli tu, ni mji mzima unaotembea juu ya maji.

Sasa, ndani ya meli kama hizo kunauzwa kitu cha kushangaza. Mutu ambaye amekwisha kulipa safari yake analipa tena, mara nyingi kupita dolari 100, juu ya kuonyeshwa mahali ambapo wasafiri wengine hawaruhusiwi kukanyaga. Wanakwenda kikundi kidogo, saa kadhaa. Walinzi wanawapima kwanza, viatu viwe vya kufunika vidole, na mara nyingi picha zinakatazwa. Wanapelekwa jikoni, mu stoki ya chakula, kwa wafuaji wa nguo, mahali pa takataka, mu chumba cha kuchungia mashini, na mwisho juu kabisa, kwa kapiteni, kupigwa naye picha.

Wenzetu waliposikia habari hii walicheka: «Kumbe Mzungu analipa pesa juu ya kuona sufuria!» Sisi tunasema wasicheke upesi. Kuko fundisho ndani yake.

Tuanze na maji. Meli iko juu ya maji usiku na mchana, lakini maji yale ni ya chumvi, hakuna anayeweza kuyanywa. Chini kule kuko vyombo vinavyochemsha maji ya bahari kwa moto unaotoka ku mashini, wanakusanya mvuke unaogeuka maji safi. Vyombo vingine vinasukuma maji kwa nguvu kupita ngozi nyembamba sana inayozuia chumvi. Wenzetu wa kimia wanajua kanuni hiyo, waliandika mu daftari. Hapa kanuni ile ile inanywesha maelfu ya watu kila siku.

Umeme vilevile. Mu meli mingi za siku hizi, mashini kubwa zinazungusha jeneratere, na umeme wake ndio unaozungusha panga za kusukuma meli, ndio unaowasha taa, ndio unaopika. Mtu wa kuchunga mashini akilala, kapiteni hana kitu cha kuongoza.

Takataka nazo, nani anazifikiri? Kuko mapatano ya mataifa mengi juu ya uchafu wa meli, yanaitwa MARPOL, ya mwaka 1973 na 1978. Yanakataza kabisa kutupa plastiki mu bahari. Kwa hiyo kuko watu chini ambao kazi yao ni kuchambua kwa mikono: chupa huku, bati huku, karatasi huku, chakula kilichobaki huku. Msafiri anaacha sahani yake juu ya meza, anafuta mdomo, anakwenda kucheza. Kumbe sahani ile inaanza safari yake nyingine.

Tena kuko njia moja ndefu kutoka mbele ya meli mpaka nyuma, chini, ambayo wasafiri hawaionaki. Mu meli mingi watumishi wanaiita I-95, jina la barabara kubwa ya Marekani inayofuata pwani ya mashariki. Mu njia ile ndimo wanapita watu wa Filipino, wa India, wa Indonezia na wa mataifa mengine, wakibeba mashuka, mikate na vyombo. Mapatano ya kazi ya bahari ya mwaka 2006, yaliyoanza nguvu mu 2013, yanasema mtumishi wa meli apate mapumziko ya saa 10 zisizopungua mu kila saa 24. Tusome vizuri: hii maana yake mutu anaweza kutumika saa 14 mu siku moja bila sheria kuvunjika.

Kwa hiyo matembezi yale ni mazuri, tunayasifu. Yanafungua macho. Lakini yako na kasoro moja: mgeni anaonyeshwa tu kile kilichofagiwa kwa ajili yake. Mu mwaka 2013, mu meli moja inayoitwa Caribbean Princess, mashinisti mmoja mpya aliona bomba la siri lililofungwa juu ya kumwaga mu bahari maji machafu yenye mafuta. Meli ilipofika Uingereza aliacha kazi na akaambia wakubwa wanaochunga mambo ya bahari. Mu Desemba 2016 kampuni yenye meli hiyo ilikubali makosa na kulipishwa dolari milioni 40. Tunauliza: je, kuna mgeni yeyote aliyelipa matembezi ambaye angeonyeshwa bomba lile? Hapana. Aliyeliona ni yule anayetumika pale. Mutu wa chini anaona kile ambacho mutu wa juu haoni, na mara nyingine yeye peke yake ndiye mwenye kuokoa jina la nyumba.

Tukumbuke tena mu Februari 2020, wakati ugonjwa wa Covid ulipoingia mu meli Diamond Princess mbele ya Yokohama, mu Japani. Watu 3 711 walikuwa ndani, na kupita 700 kati yao walishikwa na ugonjwa. Wasafiri walifungiwa mu vyumba vyao. Lakini nani aliwapelekea chakula mlango kwa mlango? Ni watumishi, ambao wao wenyewe walikuwa wakilala wengi mu chumba kimoja na kula pamoja. Siku ile kila mutu aliyekuwa nyuma ya mlango alijua ni nani anamshikia maisha.

Mtu wa Uvira atasema: haya ni mambo ya mbali. Hapana, yako karibu. Kule Papenburg, mu Ujerumani, iko kiwanda cha Meyer, ambacho kinatengeneza meli kubwa za matembezi. Kiwanda kile kile ndicho kilichotengeneza mu 1913 meli Graf von Götzen, ambayo wazee wetu wanaijua kwa jina la Liemba. Iliondolewa vipande vipande, ikatiwa mu makasha kama 5 000, ikaletwa mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kuingia mu ziwa letu mu 1915. Mu Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui wasiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini mafuta mazito. Waingereza waliitoa mu maji mu 1924, na mu 1927 ilianza tena kutembea. Mashini zile za mvuke zilibadilishwa kiisha, lakini bila mafuta yale pengine meli ingebaki chuma cha kutupwa tu.

Na mu 1997 meli hiyo hiyo ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikirudisha watu wetu kupita 75 000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania juu ya vita. Mu nyumba mingi za hapa kuko mama ao baba, babu ao bibi aliyerudi kwa njia ile. Mafundi wale waliopaka mafuta mu 1916 hakuna aliyekuwa anawapigia makofi. Walifanya kazi yao vizuri chini, mu giza, juu ya chombo kilichokuwa kinakwenda kuzama. Miaka 81 kiisha, watu wetu walipanda juu yake wakarudi kwao.

Sasa tumefika jikoni kwetu.

Ndugu, mu shule yetu anayechelewa, anayepiga kelele mu étude, anayekosa ibada, anatumwa jikoni: achote maji, apasue kuni, aoshe sufuria. Tunauliza kwa heshima: tunamfundisha nini? Tunamfundisha kwamba kazi ile ni haya. Na wale mama ambao wanaamka wakati sisi tungali tunalala, wanasonga bugali na kutwanga sombe ya watu mia na mia, wao walifanya kosa gani? Kila siku wanaona kazi yao ikigawanywa kama fimbo. Hawasemi kitu, lakini wako na macho. Mkristo ambaye Bwana wake alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi hawezi kusema kwamba kuosha sahani ni kushushwa.

Tunajua majibu ya wengine. Kuko wanaosema: «Bila azabu shule itaharibika.» Ni kweli, azabu ibaki. Lakini iwe na uhusiano na kosa: aliyevunja atengeneze, aliyechelewa akose mchezo, aliyetukana aombe musamaha mbele ya watu. Wengine, wenzetu wafinalisti, wanasema: «Sisi tuko na Egzame ya Leta, tuondolewe mu salongo yote.» Sisi pia tuko wafinalisti, tunajua uzito wake. Lakini saa moja mu juma haijamwangusha mutu aliyesoma, na haijamwokoa mutu ambaye hakusoma. Kesho mmoja wetu atakuwa muganga, mwingine mkubwa wa biro, mwingine muchungaji. Kama hajawahi kujua maji ya jikoni yanatoka wapi, ataongoza watu gani?

Basi tunaleta mashauri matatu mbele ya Bwana Prefe na komite.

La kwanza, jikoni litoke mu liste ya azabu. Liwe zamu ya madarasa yote, tangu wadogo wa mwaka wa kwanza mpaka sisi wakubwa, na mama wapishi ndio watakuwa walimu siku ile. Tutawafuata kama tunavyofuata mwalimu wa hesabu.

La pili, wakifika wageni, wazazi ao inspektere, tusianzie mu biro na mu kanisa peke yake. Tuanzie jikoni, kwenye kuni, kwenye maji, hata kwenye vyoo, kama palivyo na bila kupaka rangi usiku. Na mama wapishi waitwe kwa majina yao, siyo «wale wa jikoni».

La tatu, mara moja mu trimestre mpishi mmoja na sentinele mmoja wapewe nafasi ya kusema mu mkutano wa komite. Kama unga unapungua, kama paa linavuja, kama kuko kitu kinachopita usiku kupitia nyuma, wao wanakijua mbele yetu sote.

Hatuombi pesa mu mashauri haya, hata franga moja. Wenzetu wa kule mbali wanalipa kupita dolari 100 ili washuke chini ya meli wakatazame watu wakitumika, kiisha wanapanda tena juu. Sisi jiko letu liko hatua makumi tatu kutoka mu refektware, na mlango wake hauna kufuli. Ijumaa hii, kiisha ibada ya magaribi, kuko sufuria za kuosha. Wasio na azabu ndio tunaowaita.