Maneno Makali Huvunja Mfupa

Jumatatu asubuhi, ndani ya daladala la Kariakoo, nilimsikia mtangazaji wa redio akisoma ujumbe wa binti anayeporomoshewa matusi kila anapoweka picha mtandaoni. Akamjibu: "Maneno makali hayavunji mfupa, dada. Kama huyawezi, zima data." Abiria wakacheka. Mimi nilishuka na hasira ambayo hadi leo haijanitoka.

Hayavunji mfupa? Oktoba 2021, picha ya Profesa Meareg Amare wa Ethiopia iliwekwa Facebook pamoja na jina la chuo alikofundisha na tuhuma za kuwachochea watu dhidi yake. Novemba 3 akafuatwa hadi nyumbani kwake Bahir Dar, akapigwa risasi, akafa. Wauaji walikuwa na bunduki. Waliowaonyesha wa kumpiga walikuwa na simu tu. Mwanawe ameishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, jijini Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema ina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo.

Eti zima data! Mpwa wangu anauza vitenge kwa simu. Wateja wake wote wako humo. Kumwambia azime data ni kumwambia afunge duka. Mlevi akimtukana mama ntilie, hatumwambii mama ntilie azime jiko. Tunamfukuza mlevi. Kwa nini kwenye simu tunamfukuza aliyetukanwa?

Tunajua kufukuza tukitaka. Kwenye magrupu ya harusi, anayechelewesha mchango hutolewa siku hiyo hiyo. Anayedhalilisha wake za watu huachwa, "ndivyo alivyo, mzoeeni." Yaani elfu hamsini ina heshima kuliko mtu!

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inampa mnyanyasaji faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kosa hilo lina jela, na mtangazaji analiita mzaha.

Wazee walisema pia: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hiyo redioni haisomwi.

Mpwa wangu zamani alivaa vitenge vyake mwenyewe akajipiga picha, na vilimkaa. Watu wakamchambua mwili hadi usiku wa manane. Siku hizi anavipiga picha vikiwa vimeanikwa kwenye kamba.