“Niko na mawazo mengi”

Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini amekosa somo wiki mbili, mara nyingi atajibu: “Niko na mawazo mengi.” Sisi watu wa lugha tumezoea kusikia hapo udhuru tu. Tangu vita vifike Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, jibu hilo limekuwa zito zaidi. Walimu nao wana mawazo yao, ila wao hakuna anayewauliza.

Dawa tunayoijua ni moja: mradi unakuja, chumba cha ushauri kinafunguliwa, fedha zinakwisha, mlango unabaki na kufuli. Hati ya Okanagan, iliyotolewa Kanada mwaka 2015, inataka vyuo vikuu viingize afya katika kila shughuli zao. Kwetu kazi hiyo ianzie kwa apariteri, kabla ya kumtafuta mwanasaikolojia (ambaye bado tunamhitaji). Ratiba ya mitihani ibandikwe mapema, isibadilishwe usiku. Alama zitoke kwa wakati. Asiyemaliza kulipa ada asitolewe darasani mbele ya wenzake. Asistanti mwenye rundo la kopi za kusahihisha apewe muda wa kutosha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja mfadhili, kwa hiyo mradi ukiisha yatabaki.

Najua watakaosema chuo si hospitali. Sawa. Lakini ratiba ya mitihani tunaiandika sisi wenyewe. Baraza la kitivo liijadili kabla ya kikao kijacho, na wajumbe wa wanafunzi wawepo.