Droni Inaruka, Simu Inastaki

Leo nina hoja moja, na najua itawaudhi baadhi ya vijana wenzangu wanaojibana ili wanunue droni: kabla ya kununua droni, kagua simu yako.

Hapa Mwanza siku hizi harusi ya mwenye uwezo bila picha za angani inaonekana kama haijakamilika. Wenye hoteli, wauza viwanja, wanamuziki, kila mmoja anataka Bismarck Rock ionekane kutoka juu. Sina ugomvi na hilo, kazi ni kazi. Ugomvi wangu ni kwamba tukikaa tunaongelea kamera, tunaongelea kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (na ni lazima kuwa nacho), tunaongelea betri inakaa hewani dakika ngapi. Halafu rimoti tunaichomeka kwenye simu yoyote iliyopo mfukoni.

Tuelewane kwanza simu inafanya nini pale. Kwa droni ndogo kama hizi za DJI, kamera inabana picha na kuirusha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye rimoti, na rimoti inaiingiza kwenye simu kwa waya. Simu inatakiwa kuifungua picha hiyo, kama fremu 30 kila sekunde, huku ikichora ramani, ikionyesha kimo na chaji, na mara nyingi ikijiwekea nakala ya video. Kioo kinawaka mwanga wote ili uone kitu juani. Rimoti nyingine zinaichaji simu hapo hapo. Kila kimoja kati ya hivyo kinaleta joto, na simu ya kawaida haina feni.

Sasa weka jua la saa saba mchana ufukweni, hakuna mti, kava limeibana. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike mahali pasipozidi nyuzijoto 35. Kivulini hapa kwetu mara nyingi hatufiki huko, lakini simu iliyoanikwa juani haiko kivulini. Ikizidiwa, prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue, na kioo kinajififisha chenyewe. Hapo picha inaanza kurukaruka, kisha inaganda. Simu za Android nazo zina lao: memori ikielemewa, au mfumo wa kuokoa betri ukiingilia, programu inaweza kuzimwa bila mtu kuulizwa.

Kuna atakayesema, picha ikiganda si droni bado iko hewani? Kweli kabisa. Vijiti vya rimoti vinaendelea kuiongoza, na video yenyewe hasa inarekodiwa kwenye memori kadi iliyo ndani ya droni. Bwana harusi atapata video yake, kama droni itarudi. Tatizo ni wewe usiyeona. DJI Mini 2 inaweza kufika mwendo wa mita 16 kwa sekunde. Simu ikichelewesha picha kwa sekunde moja tu, unachokitazama ni sehemu ambayo droni imeshaipita kwa mita 16. Kwenye uwanja wa mpira utaokota vipande. Ziwani huokoti kitu.

Na ziwa lina mtego wake. Ukirushia kwenye boti, droni inakumbuka mahali ilipoondokea. Ukibonyeza kitufe cha kuirudisha, itarudi pale pale, wakati boti yenu imeshasogea. Pa kurekebisha hilo ni kwenye programu, yaani kwenye simu ile ile iliyoganda!

Najua mtanikumbusha mwaka 2018, pale DHL, Wingcopter na GIZ walipotangaza majaribio ya kurusha dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Oktoba mwaka huo huo tukawa wenyeji wa Lake Victoria Challenge, wageni kutoka kila pembe. Jamani, ile ndege ilikuwa inajiongoza yenyewe kwa njia iliyopangwa mapema, haikutegemea simu ya mtu inayopokea WhatsApp za kikundi cha ukoo. Tulichoiga ni kuruka. Maandalizi tuliyaacha.

Kwa hiyo nasemaje? Wenye mafunzo na miradi ya droni kwa vijana, hesabuni na kioo. Mwaka 2022 DJI walitoa rimoti yenye kioo chake, DJI RC. Bei inapanda, lakini ni afadhali droni ya kawaida yenye kioo cha uhakika kuliko droni kali inayoendeshwa na simu kimeo. Asiye na uwezo huo, basi simu ya droni iwe ya droni: isijazwe picha na magemu, betri yake isiwe imechoka, ramani zishushwe mapema, kuokoa betri kuzimwe kwa programu hiyo, nakala ya video kwenye simu izimwe, kava livuliwe. Tafuta kivuli, hata cha mwavuli. Na kila baada ya muda mfupi inua macho uitazame droni yenyewe.

Mtasema haya ni mambo ya harusi tu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani pale Bukoba, na wavuvi ndio waliowahi kwenda kuokoa. Ikitokea tena, Mungu aepushe, kijana mwenye droni ufukweni anaweza kuwa jicho la hao wavuvi, akawaonyesha nani anaelea na yuko upande gani. Siku hiyo hakutakuwa na muda wa kusubiri simu ipoe.

Naomba kutoa hoja.