Mashine Ikizimika, Tusimkamate Mtoto



Vijana wetu wa pwani, hapa Olumbi na Palma, na hata ng'ambo ya Ruvuma kwa ndugu zetu wa Mtwara, wanakusanya vipuri na kujiundia kompyuta za kuchezea michezo. Kipuri kimoja kimetoka Nampula, kingine Kariakoo, kingine ni mtumba. Hatuwacheki. Kijana anayeunganisha madabodi, prosesa na kadi ya picha mpaka zikawaka ni fundi, na nchi inahitaji mafundi.

Tunalolipinga ni jambo lingine. Mara nyingi fedha za mashine hizo ni mchango wa wazazi, watu wa vibarua vya shambani na kiwandani. Mashine ikianza kuzimika katikati ya mchezo, wachangiaji hawaiulizi mashine, wanamkamata mtoto. Tumekwisha kuitwa kuamua shauri ambamo wazee walidai kijana arudishe mchango wote, wakisema ameuza vipuri vizima akatia vibovu. Ushahidi hawakuwa nao. Huo ni uonevu ule ule tunaofanyiwa kazini: mtambo ukisimama, msimamizi anaandika "uzembe wa mwendeshaji" kabla fundi hajafungua hata boliti moja.

Sisi tunasema mashine ihojiwe kwanza, tena kwa utaratibu.

Kwanza, liwepo daftari. Kila ikizimika iandikwe saa, ilikuwa ikifanya kazi gani, na ilizimika vipi. Kuzimika ghafla kama taa iliyokatwa kunaelekeza kwenye umeme au joto. Kuganda, au kutoa maandishi ya hitilafu kwenye kioo, mara nyingi kunaelekeza kwenye kumbukumbu, kadi ya picha au programu zake.

Pili, umeme. Kadi ya picha yenye nguvu inaweza kula zaidi ya wati 200 peke yake wakati wa mchezo. Kisanduku cha kugawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kikiwa hafifu kitaiwasha mashine vizuri, kisha kitashindwa mzigo ukizidi. Kiazimwe kizima kujaribia. Lakini kisanduku chenyewe kisifunguliwe! Hata baada ya kuchomolewa ukutani hubaki na umeme unaoweza kuua.

Tatu, joto na vumbi. Prosesa hujipunguzia kasi inapokaribia nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Feni zisafishwe, na ule uji wa kupitisha joto juu ya prosesa upakwe upya ukiwa umekauka. Chumvi ya bahari nayo hula viungo, kwa hiyo mashine isikae dirishani panapovuma upepo wa pwani.

Nne, vijiti vya kumbukumbu, yaani rami. Vitolewe, kibaki kimoja, mashine ijaribiwe, kisha kiwekwe kingine.

Tano, na hili ndilo kubwa: kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja, hata mashine ikipona, hatajua dawa ilikuwa ipi.

Katika shauri lile tuliomba siku saba. Daftari lilionyesha kwamba mashine ilizimika kwenye michezo mizito tu. Ilipotiwa pawa saplai ya kuazima ilifanya kazi jioni nzima bila kuzimika. Kisanduku cha dukani kilikuwa na maandishi makubwa na nguvu ndogo. Mwizi hakuwa mtoto wetu.

Wala msidhani haya ni ya wanyonge wa Olumbi tu. Prosesa za kampuni ya Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zilizoanza kuuzwa mwaka 2022 na 2023, zilikuwa zikiangusha michezo duniani kote. Watu walilaumu kadi zao za picha, wakalaumu michezo, na watengenezaji wa madabodi nao wakanyoshewa kidole. Mwezi Julai 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba maagizo yaliyomo ndani ya prosesa yalikuwa yakidai volti kupita kiasi. Ikatoa marekebisho, ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Lakini prosesa iliyokwisha kuharibika haikuponywa na marekebisho hayo, ilibidi ibadilishwe. Ingekuwaje kama wanunuzi wasingeweka kumbukumbu na kupaza sauti pamoja?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kila kikundi kinachochangia mashine kidai risiti na dhamana kwa kila kipuri. Kila mashine iwe na daftari lake. Na mtu yeyote asilipishwe hasara mpaka kipimo kifanyike mbele ya pande zote mbili.

Tukizoea haki hiyo barazani kwetu, tutajua kuidai kiwandani na shambani. Mzee anayemhukumu mwanawe bila kipimo atamwambia nini msimamizi anapomhukumu yeye?

Umoja ni nguvu. Mapambano yanaendelea!